Udongo ule ule, vijiji viwili

Leo nawaletea historia kidogo, na ni historia ya udongo. Msicheke.

Kila mwanafunzi wa usanifu majengo lazima akutane na picha za Gourna Mpya: matao, kuba, kuta nene za tofali mbichi, kivuli kizuri. Aliyeichora ni mzee Hassan Fathy wa Misri, aliyezaliwa mwaka 1900. Wakati wa Vita Kuu ya Pili mbao na chuma viliadimika, naye alitaka nyumba ambayo mkulima maskini anaweza kuimudu. Ukuta wa udongo si shida, kila mtu anajua. Shida ni paa. Alijaribu kuezeka kwa tofali za udongo, paa likaanguka. Kaka yake akamwambia kwamba Wanubi bado wanaujua ufundi huo. Mwaka 1941 akaenda Aswan na kuwakuta mafundi wanaojenga tao bila mbao hata moja ya kushikilia: tofali la kwanza linaegemea ukuta wa nyuma, la pili linaegemea la kwanza, hivyo hivyo mpaka mwisho. Tena maghala ya Ramesseum, pale Luxor, yana mapaa ya namna hiyo yaliyosimama zaidi ya miaka 3,000. Ndiyo maana nikisikia mtu anasema udongo haudumu huwa nanyamaza tu.

Mwaka 1945 serikali ikampa kazi. Watu wa Gourna walikaa kilimani, juu kabisa ya makaburi ya kale ya wakubwa wa Misri, na baadhi yao waliishi kwa kuuza vitu vya makaburini. Idara ya mambo ya kale ikataka wote, kama 7,000, washuke bondeni kwenye kijiji kipya. Fathy akajenga msikiti, soko, shule, hadi ukumbi wa michezo ya kuigiza. Alizunguka kwenye familia, akachora nyumba zisizofanana. Jamaa alikuwa na roho safi, hilo silipingi.

Lakini swali la kuhama hawakuulizwa wenyewe. Na wewe ebu fikiria: unaondolewa pale unapopata riziki yako, unapewa nyumba nzuri mbali na riziki hiyo. Utashukuru? Tena inaelezwa kuwa kuba liliwakumbusha makaburi. Wengi wakagoma. Fathy mwenyewe ameandika kwamba tuta la maji lilibomolewa makusudi ili kijiji kifurike. Kufikia 1948 ujenzi ukawa umekwama, sehemu ndogo tu imekamilika. Nyumba za kilimani zilikuja kuvunjwa na serikali kuanzia 2006, na kule bondeni nyumba nyingi za Fathy zimeshapisha zege.

Sasa tuhame Misri twende Burkina Faso, kijiji cha Gando. Francis Kéré, mtoto wa chifu, alikuwa bado mwanafunzi kama sisi, kule Berlin, alipoanza kuchangisha pesa mwaka 1998 za kujenga shule kwao. Ilikamilika 2001. Udongo tena! Na wanakijiji hawakuutaka, maana kila masika walizoea kuona kuta zikimomonyoka. Tofauti ni kwamba hapa watu walikuwa wameshaihitaji shule, na anayewashawishi ni mtoto wao. Walibishana naye, akawaeleza, akachanganya saruji kidogo kwenye tofali. Watoto wakabeba mawe, kina mama wakabeba maji. Bati aliliinua juu ya dari kwa nondo zilizochomelewa, hewa ya moto ikapata pa kutokea. (Aliyesoma chini ya bati la chini saa nane mchana ananielewa.) Mwaka 2004 shule ikapata Tuzo ya Aga Khan, na 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupata Pritzker.

Kwenye mihadhara Gourna husifiwa kwa matao yake na Gando kwa paa lake. Mimi naona tunaangalia sehemu ndogo ya kazi. Fathy alijua udongo kuliko wengi wetu tutakavyoujua, bado kijiji kilimshinda.

Studio muhula huu tumepewa zahanati ya kijijini. Nimeshachora tao, zuri kweli, ila nimeliweka pembeni kwanza. Jumamosi napanda daladala kwenda kijiji kilichopo, niwaulize kina mama huwa wanasubiri wapi zamu yao ikichelewa, na nani anawaletea chakula.