Nyumba ya Mwanamke: Tuiuze Wenyewe au Tumwite Dalali?



Bibi harusi anapohamia kwa mumewe, au ndugu wanapogawana mirathi, swali hili huja: nyumba tuiuze wenyewe au tumpe dalali? Kabla ya kujibu, tutazame tulikotoka.

Katika nyumba za mawe za Lamu na Pate, desturi ya waungwana ilikuwa baba kumpa binti yake nyumba anapoolewa, na mume ndiye aliyehamia kwa mke. Mabinti wakizidi, iliongezwa ghorofa, au ikajengwa wikio, chumba kinachopita juu ya njia na kuunganisha nyumba mbili. Ngazija nako nyumba ni ya binti, na ardhi ya manyahuli hupita kwa wanawake wa ukoo. Mtu mmoja hawezi kuiuza peke yake. Unguja, Sayyid Said alipofariki mwaka 1856, binti yake Salme aliyekuwa na miaka 12 alirithi shamba na nyumba. Hayo hayakuwa hisani. Suratun Nisaa, aya ya 7, imempa mwanamke fungu lake, liwe kidogo au kingi.

Kwa hiyo mwenye kuamua kuuza ni mwenye mali. Kaka akisema "niachie mimi", hiyo ni kazi ya wakala, na wakala hauzi bila idhini yako.

Je, dalali? Neno lenyewe ni la Kiarabu, na asili yake ni kuonyesha njia. Bukhari amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza mtu wa mjini kumuuzia mtu wa nje, na Ibn Abbas alipoulizwa maana yake alisema: asiwe dalali wake. Lakini Bukhari huyo huyo anawataja Ibn Sirin, Ataa, Ibrahim na Hasan, ambao hawakuona ubaya katika ujira wa dalali. Na Bibi Khadija (R.A.) alifanya biashara kupitia watu aliowaamini, Mtume mwenyewe alisafiri na bidhaa zake hadi Sham. Kumtumia mtu si unyonge, maadamu ujira umejulikana mwanzo na bei haifichwi.

Kuna jambo linalotangulia dalali, nalo ni shufaa. Mtume (S.A.W.) alihukumu shufaa katika mali ambayo haijagawanywa, na akaagiza mshirika aarifiwe kabla ya kuuza. Katika madhehebu ya Shafi, tunayoyafuata wengi wa pwani, haki hii ni ya mshirika, si ya jirani tu. Basi kama nyumba ni ya urithi na ndugu hamjagawana, waulize kwanza. Mara nyingi mnunuzi yumo humo humo ukooni, na dalali hahitajiki kabisa.

Kama mnunuzi ni ndugu au jirani mnayemjua, na bei ya mtaa mnaijua, uzeni wenyewe. Kama mwenye nyumba yuko mbali, au ni mjane aliye edani asiyeweza kupokea wageni kila siku, au wanunuzi ni wageni wa kisiwa, dalali mwaminifu anastahili ujira wake. Hata hapo, usiridhike na bei ya mtu mmoja. Ulizia kwa wawili watatu.

Kwa njia yoyote ile, hakikisheni kwanza kwamba nyumba inauzika. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni wakfu, na wakfu hauuzwi. Kamisheni ya Wakf ndiyo ya kuulizwa. Zanzibar, ardhi ni ya umma na sheria ya mwaka 1992 inatoa haki ya matumizi, kwa hiyo hati na jina lililomo vitazamwe kabla ya pesa kupokewa. Kisha andikeni. Aya ya 282 ya Suratul Baqara inaamrisha deni liandikwe na mnapouziana mshuhudishe. Mauziano ya sebuleni, kwa maneno matupu, ndiyo yanayowapotezea wanawake haki zao, hata pale muuzaji na mnunuzi ni watoto wa baba mmoja.

Nyumba ikishatoka haiombwi tena. Swalini istikhara, shaurianeni na wakubwa, ndipo mtie saini.

Wallahu aalam.