Uogeleaji wa kisanaa katika Michezo ya Pan-Amerika

Uogeleaji wa kisanaa katika Michezo ya Pan-Amerika ni mashindano ya kuogelea kwa kufuata muziki ambayo hufanyika ndani ya michezo ya nchi za bara la Amerika. Michezo hiyo huandaliwa kila baada ya miaka minne, mwaka mmoja kabla ya Olimpiki ya majira ya joto. Uogeleaji huu ulishindaniwa humo kwa mara ya kwanza mwaka 1955 mjini Mexico City, miaka 29 kabla ya kuingizwa katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984. Kuanzia 1955 hadi 2019 medali zote za dhahabu zilichukuliwa na Marekani au Kanada. Mwaka 2023 Meksiko ikawa nchi ya tatu kushinda.

Jina na aina za mashindano

Zamani mchezo huu uliitwa kuogelea kwa mpangilio. Shirikisho la kimataifa la michezo ya majini lilibadilisha jina hilo mwaka 2017, na kwa hiyo michezo ya Lima, Peru, mwaka 2019 ilikuwa ya kwanza ya Pan-Amerika kutumia jina la sasa.

Mwaka 1955 kulikuwa na mashindano ya aina tatu: mwogeleaji mmoja, waogeleaji wawili, na timu. Shindano la mwogeleaji mmoja liliendelea kuwepo hadi miaka ya 1990, kisha likaondolewa. Tangu mwaka 1999 hushindaniwa medali mbili za dhahabu tu, yaani ya wawili na ya timu.

Waogeleaji hawaruhusiwi kugusa sakafu ya bwawa. Majaji hutoa alama kwa ugumu wa miondoko, jinsi inavyotekelezwa, na usanii wa onyesho zima. Tangu 2023 kila timu hutangaza mapema miondoko itakayofanya. Isipoifanya kama ilivyotangazwa, hupoteza alama nyingi.

Historia

Katika michezo ya kwanza Marekani ilishinda mashindano yote matatu, na Beulah Gundling akatwaa dhahabu ya mwogeleaji mmoja. Mchezo haukuwa miongoni mwa mashindano ya medali mwaka 1959 wala 1967, lakini tangu 1971 haujakosekana.

Mwaka 1979 mjini San Juan, Puerto Rico, Helen Vanderburg wa Kanada, aliyekuwa bingwa wa dunia wa mwaka uliotangulia, alishinda dhahabu ya mwogeleaji mmoja na ya wawili. Miaka minne baadaye mjini Caracas, Venezuela, dhahabu ya mwogeleaji mmoja ilikwenda kwa Tracie Ruiz wa Marekani, ambaye mwaka 1984 alishinda tena katika Olimpiki. Mwaka 1995 mjini Mar del Plata, Argentina, Becky Dyroen-Lancer wa Marekani aliondoka na medali tatu za dhahabu.

Ushindi wa Meksiko

Meksiko iliyoandaa mashindano ya kwanza ilisubiri miaka 68 kupata dhahabu yake. Ilikuwa imekaribia: katika shindano la wawili ilipata medali ya fedha mjini Toronto mwaka 2015 na mjini Lima mwaka 2019.

Mwaka 2023 timu hiyo ilikuwa katika hali ngumu. Kutokana na mgogoro kuhusu uongozi wa shirikisho la kuogelea la nchi hiyo, tume ya taifa ya michezo ilisimamisha posho za waogeleaji. Waliendelea na mazoezi huku wakiuza nguo za kuogelea na taulo ili kupata fedha za safari, na baadaye wakasaidiwa na wafadhili binafsi. Mwezi Mei mwaka huo walishinda dhahabu katika Kombe la Dunia nchini Misri.

Mwezi Novemba mjini Santiago, Chile, Nuria Diosdado na Joana Jiménez walishinda dhahabu ya wawili, na Meksiko ikashinda pia ya timu. Ushindi huo uliipa nafasi ya moja kwa moja katika Olimpiki ya Paris ya 2024. Kwa upande wa timu, Meksiko ilikuwa haijashiriki Olimpiki tangu Atlanta mwaka 1996.

Washindi wa dhahabu tangu 1999

Katika kila michezo ya kipindi hiki, nchi iliyoshinda shindano la wawili ndiyo iliyoshinda pia la timu.

1999, Winnipeg: Kanada
2003, Santo Domingo: Marekani
2007, Rio de Janeiro: Marekani
2011, Guadalajara: Kanada
2015, Toronto: Kanada
2019, Lima: Kanada
2023, Santiago: Meksiko