Philia: Neno la Aristotle na Mali Kauli ya Kariakoo

Maadili ya Nikomako, kitabu cha Aristotle cha karne ya 4 kabla ya Kristo, kina sehemu kumi. Mbili kati yake, ya nane na ya tisa, zinashughulikia neno moja tu la Kigiriki: philia. Haki yenyewe, pamoja na ukubwa wake, imepewa sehemu moja. Sababu anaitaja mapema: philia ndiyo inayoshikilia miji isisambaratike, na watunga sheria huihangaikia kuliko wanavyoihangaikia haki. Watu wenye philia baina yao hawana haja ya kuamuliwa. Wenye haki peke yake bado wanaihitaji philia.

Mtafsiri aandike nini hapo? Mwenye haraka ataandika mapenzi. Lakini mwambie abiria anayesubiri basi la mwendokasi pale kituo cha Gerezani, Dar es Salaam, kwamba serikali husimama kwa mapenzi, uone atakavyokutazama.

Waarabu walilikuta tatizo hili kabla yetu. Kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kiarabu katika karne ya 9, kazi inayohusishwa na Ishaq ibn Hunayn wa Baghdad, na philia ikawa mara sadaqa, yaani urafiki, mara mahabba, yaani upendo. Mwanafalsafa Al-Farabi, aliyefariki mwaka 950, akalichukua hilo la pili na kulitia katika elimu ya utawala: sehemu za mji huunganishwa na mahabba, kisha hulindwa na uadilifu. Upendo unatangulia, haki inafuata. Miskawayh, aliyefariki mwaka 1030, akaligeuza kuwa mpango kabisa. Sala ya jamaa, anasema, huwazoesha watu wa mtaa kila siku. Ijumaa huwakutanisha watu wa mji. Idi huwaleta hata wa vijiji vya jirani. Na hija hukusanya walimwengu. Aliyewahi kuswali Idi katika viwanja vya Mnazi Mmoja ameshaielewa hoja hiyo.

Basi tungeyakopa tu maneno yao? Tulishayakopa, na yakabadilika yalipofika pwani. Mahaba yamehamia chumbani na kwenye taarabu. Ukisema mahaba ya wananchi kwa serikali yao, utakuwa umetunga kichekesho. Sadaka, iliyo ya mzizi mmoja na ule urafiki wa Waarabu, huku ni ya maskini na ya kapu la kanisani. Kati ya maneno ya utawala tuliyoyakopa kwao, siasa ndilo lililobaki na kitu cha zamani: kamusi bado zinalipa maana ya upole na uangalifu, kama mtu anapoambiwa aseme na mgonjwa kwa siasa. Wanasiasa wetu wangeisoma fasili hiyo.

Kabla ya kuchagua neno, tuitazame philia ikiwa kazini. Aristotle anasema ziko za aina tatu: ya wema, ya raha na ya manufaa, na ile inayowaunganisha raia wa mji mmoja kwa kawaida ni ya manufaa. Halafu anaingia sokoni. Kuna mapatano ya mkono kwa mkono, toa fedha chukua kitu. Kuna na mapatano ya kungojeana: deni liko wazi, halina ubishi, lakini kule kukubali kusubiri kuna chembe ya philia ndani yake. Anaongeza kwamba miji mingine haikusikiliza kesi za madeni ya namna hiyo. Aliyekopesha kwa kuamini alitakiwa avumilie matokeo.

Sokoni Kariakoo, Dar es Salaam, jambo hili lina jina: mali kauli. Mwenye duka la jumla anampa mwenye kibanda cha Mbagala doti za vitenge bila kupokea hata shilingi. "Chukua, tajiri, ukiuza utaniletea." Jina linaandikwa kwenye daftari, pengine haliandikwi, na mzigo unaondoka kichwani mwa mchukuzi kuelekea kituoni. Hapo hamna hati wala wakili. Asiporudi, mwenye duka hatakwenda mbali na kesi yake. Atakachofanya ni kuwaambia wenzake wa mtaa, na huyo mtu hatapewa tena hata soksi. Biashara kubwa ya nchi hii imepita kwenye kauli za namna hiyo, na sidhani kama kuna mfano bora wa kumfundishia Aristotle mwanafunzi wa Dar es Salaam.

Sasa neno. Urafiki umekwishatumika kati ya mataifa. Kiwanda cha nguo kilichojengwa Ubungo kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968 kiliitwa hivyo hivyo, Urafiki. Lakini kwa raia na raia neno hilo linadai mno: mwenye duka si rafiki wa kila anayempa mzigo. Undugu ulikuwa na heshima yake. Chama cha TANU, kilichozaliwa tarehe 7 Julai 1954 jirani na Kariakoo, katika mtaa unaoitwa leo Lumumba, kiliwafanya wanachama waitane ndugu. Leo ukisikia undugu ofisini, unajua kuna kazi imetolewa bila usaili. Ujamaa nao umebeba sera nzima, vijiji na yote, na haurudi tena kuwa neno jepesi.

Mwalimu Nyerere mwenyewe alihangaika hapa hapa. Katika maandishi yake ya Septemba 1967 juu ya ujamaa vijijini, alieleza kwamba msingi wa kwanza wa familia ya jadi aliwahi kuuita upendo, akaona watu wanaudhania kuwa mapenzi mazito ya mtu na mtu, akaona heshima inafaa zaidi. Alilipima tatizo sawasawa, ila dawa yake hainiridhishi. Unaweza kumheshimu mtu kutoka mbali naye asijue. Philia, kwa Aristotle, ni nia njema ya pande mbili, na kila upande unajua kwamba mwenzake anayo.

Mimi nachagua usuhuba. Sahibu hupatikana kwa kuchagua na kuchaguliwa, ndugu hupatikana kwa kuzaliwa. Na neno hili halijachafuliwa na chama, ofisi wala kitanda. Mzizi wake ndio wa masahaba, kwa hiyo uzito haukosi. Kwa raia tuseme usuhuba wa kiraia. Mahabba ya Al-Farabi, inayojumuisha hata mapenzi ya mzazi kwa mwana, ibaki upendo. Na kwa eros ya Plato, ambayo Waarabu waliiita ishq, tunayo ashiki tayari. Tukiyatenga hivyo, hata Miskawayh atatafsirika, maana yeye huhesabu sadaqa kuwa aina moja ndani ya mahabba, na asiye na maneno mawili hawezi kulisema hilo.

Baraza la Kiswahili la Taifa ndilo lenye kazi ya kusanifu istilahi. Nalipelekea hili, na mwenye neno linalozidi usuhuba alilete pia.