Gava Iko na Daftari Gani?

Wasee, mnakumbuka Alhamisi ya tarehe 27 Julai 2023? Mimi nilikuwa kwa duka la mtaani, unga mkononi, natuma pesa kwa simu inagoma. Natuma tena, inagoma. Nyuma yangu foleni inakua, na kila mtu anaangalia simu yake kama imemkosea.

Nilidhani ni mtandao tu. Kumbe wiki hiyo eCitizen ilikuwa imeshambuliwa. Kukata tiketi ya treni mtandaoni, shida. Kununua tokeni za stima, shida. Visa nazo zikakwama, mpaka gava ikaahidi wageni watapewa wakishatua.

Kundi linalojiita Anonymous Sudan lilisema ni wao, eti Kenya inaingilia mambo ya Sudan. Njia yao haikuwa kuvunja kufuli. Ni kama kuleta watu milioni wasio na shida yoyote wajaze foleni ya Huduma Centre, mpaka wewe mwenye shida ya ukweli usifike kwa kaunta. Eliud Owalo, aliyekuwa Waziri wa ICT, alikubali kwamba tumeshambuliwa, lakini akasema hakuna data iliyopotea.

Sawa. Lakini haikuwa mara ya kwanza. Januari 2012, tovuti 103 za serikali zilidukuliwa na msee mmoja kutoka Indonesia. 103! Na bado sidhani kuna mtu alikosa unga siku hiyo. Tovuti ya wizara enzi hizo ilikuwa kama ubao wa matangazo: picha ya waziri na tenda iliyopitwa na wakati. Ukitaka cheti cha kuzaliwa, ulienda ofisini na karatasi zako na subira yako.

Baadaye gava iliandika mkakati wa usalama wa mtandao mwaka 2014, ikapitisha sheria ya makosa ya kompyuta na mtandao mwaka 2018, na mkakati mwingine wa 2022 hadi 2027. Lakini pia ilikuwa inatuhamisha. Tarehe 30 Juni 2023, Rais Ruto alizindua huduma 5,000 kwa eCitizen. Hebu hesabu siku. Hata mwezi haukuisha kabla ya shambulio.

Sasa hapa ndipo naona tathmini za gava zinapokosea: zinahesabu maadui. Mamlaka ya Mawasiliano ilisema iligundua vitisho zaidi ya bilioni 2.5 kati ya Januari na Machi 2025 pekee. Ukisoma hiyo unaogopa, lakini hujaambiwa chochote kuhusu siku yako. Msee wa 2012 alichafua ubao. Wale wa 2023 walisimama mlangoni, na sisi sote tulikuwa tumeambiwa tupitie huo mlango mmoja.

Na maadui hawaishi. Oktoba 2024, Marekani ilitangaza mashtaka dhidi ya ndugu wawili Wasudan, ikisema ndio walioendesha hilo kundi, na kwamba chombo chao kilitumika kwa mashambulio zaidi ya 35,000. Hata Microsoft ilipigwa. Kama mashtaka ni ya kweli, hiyo kelele yote haikuhitaji jeshi la nchi.

Sisemi turudi kwa mafaili. Mimi na foleni ya saa kumi na moja asubuhi tuliachana kitambo. Nasema kila huduma inayopelekwa mtandaoni ije na jibu la swali moja: ikizimika, mwananchi anafanya nini? Mtalii wa 2023 alipewa jibu, atapata visa uwanja wa ndege. Msee wa Kayole mwenye stima imeisha alipewa jibu gani? Hiyo ndiyo tathmini ya usalama wa taifa na uchumi ambayo ningependa kusoma.

Siku ile, mama wa duka aliangalia simu yangu, akaangalia uso wangu, kisha akatoa daftari la madeni chini ya kaunta. "Andika jina hapo, utaleta jioni." Nilienda na unga wangu. Jioni nikalipa, kwa noti.

Mama wa duka hana mkakati wa miaka mitano. Ana daftari. Gava iko na gani?

Niambieni hapo chini, siku hiyo wewe ulikwama wapi?