Kabla Uulize Bei, Uliza Mwaka

Swali linalonifikia kila wiki ni lile lile: "Niko na elfu ishirini na tano, nataka kujenga PC ya kwanza, ninunue nini?" Wengine wananiuliza kutoka Nairobi, wengine wako hapa hapa Koyonzo na Mayoni. Wote wanataka niwatumie orodha fupi: prosesa hii, ramu hii, kesi hii, maliza.

Orodha si ngumu. Shida ni kwamba ikipita miezi mitatu imeoza, bei zimepanda, mzigo umeisha, na wewe umebaki na jina la kitu ambacho duka halina. Leo ngoja niwape kitu kinachokaa zaidi: historia. Najua, neno hilo linanukia darasa la saa nane mchana. Lakini nivumilie, kwa sababu sehemu kubwa ya mashine za bei nafuu zinazouzwa Kenya zilitumiwa na mtu mwingine, mahali pengine, halafu akaziacha. Ukijua aliziacha lini na kwa nini, muuzaji hawezi kukuzungusha.

Tuanze na swali ambalo hakuna anayeuliza. Mbona inawezekana kabisa kununua vipande na kujiunganishia kompyuta? Simu hujijengei. Runinga hujijengei. Kompyuta ya mezani inawezekana kwa sababu ya uamuzi mmoja wa haraka Marekani. Tarehe 12 Agosti 1981, IBM ilizindua kompyuta yake ndogo, modeli 5150, kwa bei ya kuanzia dola 1,565. Timu iliyoitengeneza ilikuwa na haraka, kwa hivyo badala ya kuunda kila kitu wenyewe, walinunua sehemu zilizokuwa tayari sokoni: prosesa ya 8088 kutoka Intel, na mfumo wa uendeshaji kutoka Microsoft. Zaidi ya hapo, IBM ilitoa kitabu cha kiufundi chenye michoro ya mashine nzima, ili kampuni nyingine ziweze kutengeneza kadi za kuchomeka ndani.

Kitu pekee walichobaki nacho kama kufuli ni BIOS, ile programu ndogo inayoamsha mashine. Kufuli hiyo haikudumu. Mwaka 1982 vijana watatu waliotoka Texas Instruments walianzisha Compaq, wakaandika BIOS yao inayofanya kazi ileile bila kunakili ya IBM, na mwisho wa mwaka huohuo wakatangaza mashine inayoendesha programu za IBM. Baada ya hapo kila mtu akaingia. Mwaka 1995 Intel ikaleta kipimo cha ATX, kinachoamua matundu ya skrubu yakae wapi kwenye madabodi na waya za pawasaplai ziingie vipi. Ndiyo maana leo kesi ya kampuni moja inabeba madabodi ya kampuni nyingine bila ugomvi. Shikilia hilo neno ATX, tutalirudia.

Sasa tuje kwetu. Watu wa umri wetu tunadhani kompyuta zilikawia kufika Afrika Mashariki kwa sababu ya umaskini peke yake. Serikali pia zilikuwa na mkono. Mwaka 1974 Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na vizuizi hivyo vikakaa miaka mingi. Mwaka 2009 Uganda ilitangaza kufunga mlango kwa vifaa vya umeme vilivyotumika, kompyuta zikiwemo, kwa hofu ya kugeuzwa jalala. Kenya mwaka 2006 ilichukua njia nyingine: bajeti iliyosomwa na Amos Kimunya iliondoa ushuru wa kuingiza kompyuta. Katikati ya 2009 nyaya za intaneti za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zikafika Mombasa. Ghafla kompyuta ikawa na kazi ya kufanya, na mashine zilizotumika, zile tunazoita ex-UK hata kama zimetoka Ujerumani au Marekani, zikajaa kuanzia Luthuli Avenue hadi vibanda vya Kakamega mjini.

Kuna pia Computers for Schools Kenya, shirika lililoanza 2002 kurekebisha mashine zilizotumika na kuzipeleka shuleni. Wakenya wengi waligusa kibodi mara ya kwanza kwenye mashine iliyokuwa imefanya kazi ofisini Ulaya. Kwa hivyo mtu asiniambie kwamba kununua kilichotumika ni aibu. Ndiyo historia yetu yenyewe.

Ila hapa Matungu tunajua kitu kuhusu mavuno ya pili. Ukikata muwa, kisiki kinachipuka tena. Unavuna mara ya pili, ya tatu, labda ya nne, na kila mara mavuno yanapungua. Hakuna mkulima anayekodi shamba la miwa bila kuuliza hii itakuwa inakatwa mara ya ngapi. Kompyuta ya ex-UK ni kisiki. Swali ni lile lile, lakini dukani tunaona aibu kuliuliza.

Na visiki hivi huja kwa mawimbi. Nitawaambia matatu.

La kwanza ni 2014. Tarehe 8 Aprili mwaka huo Microsoft iliacha kutunza Windows XP. Ofisi za nje zilizokuwa bado na mashine za Pentium 4 na Core 2 Duo zikapata sababu ya kuziondoa. Mashine zenyewe hazikuwa zimeharibika. Zilikuwa zimepitwa na tarehe tu. Hadi leo bado utaona Core 2 Duo imewekwa mbele ya duka ikiwa imepakwa rangi. Iache hapo. Hiyo ni mavuno ya mwisho.

La pili ni 2022. Kwa miaka kadhaa watu walikuwa wakitumia kadi za grafiki kuchimba sarafu ya Ethereum, zikifanya kazi usiku na mchana. Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum ilibadilisha mfumo wake na uchimbaji wa kadi ukaisha siku hiyo hiyo. Kadi nyingi zikaingia soko la mitumba duniani, hasa familia ya RX 580 iliyotoka 2017. Kadi iliyochimba si lazima iwe mbovu, lakini feni zake na krimu ya kupooza joto zimeshachoka. Kuna moja ya kuangalia kwa makini: P106, ambayo Nvidia iliitengeneza kwa ajili ya kuchimba pekee. Haina hata tundu moja la kuchomeka skrini. Ukiona kadi ya bei tamu, igeuze uangalie nyuma kabla ya kutoa pesa.

La tatu ndilo linalotuhusu sasa hivi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutunza Windows 10. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa iliyo kwenye orodha yao. Kwa Intel, orodha hiyo kwa jumla inaanza kizazi cha nane, ambacho kwa kompyuta za mezani kilitoka mwishoni mwa 2017. Maana yake ni kwamba mashine safi kabisa za kizazi cha sita na cha saba, za 2015 hadi 2017, zimekosa makao kwenye ofisi za wenye pesa. Unadhani zinaenda wapi? Zinakuja kwetu.

Hapa ndipo nina msimamo, na najua wauzaji wengine hawataupenda. Wimbi hili ni nafasi nzuri kwa kijana wa mashinani, mradi bei ishuke kulingana na ukweli huo. Mashine ya kizazi cha sita bado ni farasi. Inatumia ramu ya DDR4, inakata video fupi, inaendesha Linux bila kelele. Tatizo ni muuzaji anayekuuzia kama kitu kitakachoishi miaka mitano na Windows ya kisasa. Mwambie: "Buda, hii si iko nje ya orodha ya Windows 11?" Halafu nyamaza. Uone bei inavyotembea.

Ukiwa huna haraka ya kuelewa namba, prosesa za Intel zinajieleza zenyewe. Kwenye i5-3470, ile 3 ya kwanza ni kizazi cha tatu, 2012. Kwenye i5-6500, ni cha sita, 2015. Kwenye i5-8400, ni cha nane, 2017. Muuzaji akikuambia "hii ni Core i5" bila kumalizia namba, hajakuambia kitu. i5 ya 2012 na i5 ya 2017 ni kama matatu mbili zenye rangi moja.

Kwa wale wanaotaka kujenga kipande kwa kipande, AMD ilitupa zawadi ya soketi ya AM4. Ryzen za kwanza zilitoka 2017 kwenye soketi hiyo, na AMD ikaendelea kuitolea prosesa mpya kwa miaka mingi. Kwa hivyo unaweza kuanza na kitu kidogo na kupanda baadaye bila kubadilisha madabodi, ukishasasisha BIOS na kuhakikisha bodi yako inakubali prosesa mpya. Tafuta zenye herufi G mwishoni, kwa sababu zina grafiki ndani, huhitaji kununua kadi siku ya kwanza. Lakini hata hapa mwaka una neno: 2200G na 2400G za 2018 haziko kwenye orodha ya Windows 11, ilhali 3200G ya 2019 iko. Kwa macho ni ndugu mapacha. Na ukinunua yoyote ya G, weka ramu mbili za GB 4 au mbili za GB 8, si moja kubwa, maana grafiki hiyo inakula kutoka kwa ramu na inapenda njia mbili.

Sasa lile neno ATX. Kampuni kubwa kama Dell na HP, kuanzia mashine nyingi za ofisi za karibu 2013, zilianza kuweka soketi zao za umeme ambazo si za ATX. Ndani ni kompyuta ya kawaida, ila pawasaplai ya dukani haiingii bila adapta. Kwa hivyo ile mbinu ya "nitanunua Dell ya ofisi kisha niweke kadi kubwa ya gemu" inakwama hapo. Ukipata ile nyembamba inayolala, hata kadi yenyewe haitoshi, inabidi utafute fupi. Mashine kama hiyo ifae kwa kadi isiyodai waya wa umeme, kwa mfano GTX 750 Ti ya 2014, inayotumia wati 60 tu kutoka kwenye bodi. Kama ni nyembamba, tafuta toleo fupi la kadi hiyo.

Na huku kwetu umeme ni mwanachama wa familia asiyetabirika. Stima inapotea, inarudi kwa hasira. Pesa ya kwanza usiipeleke kwenye taa za rangi rangi, ipeleke kwenye pawasaplai ya jina linalojulikana. Ukinunua mashine iliyotoka Marekani, angalia nyuma ya pawasaplai: zingine zina swichi ndogo nyekundu ya 115 na 230. Umeme wetu ni volti 240. Ukiiwasha ikiwa kwenye 115, utasikia "paa!" na moshi, na historia yote niliyokupa itakuwa haina kazi.

Kuna watu watasema ninawasifia wazungu kututupia takataka. Hoja hiyo naiheshimu. Uganda haikukosea kuogopa, na hata Computers for Schools ilibidi iwe na mpango wa taka za kielektroniki, kwa sababu kila mashine iliyookolewa hufa siku moja. Lakini mbadala wa kumwambia kijana wa Namamali anunue kompyuta mpya ni maneno tu. Kiwanda cha Mumias kiliwekwa chini ya msimamizi wa benki Septemba 2019, na tangu kilipoanza kuyumba, elfu ishirini na tano hapa si pesa ya kuchezea. Ni miezi mingi ya boda, au ng'ombe. Kinachotufanya jalala ni kununua mashine ya mavuno ya mwisho kwa bei ya mavuno ya kwanza. Mashine ile ile ikinunuliwa kwa bei yake halali, ikapigwa SSD na ramu, inaweza kumtafutia mtu kazi.

Kwa hivyo ukienda dukani wiki hii, beba daftari dogo. Andika namba kamili ya prosesa, aina ya ramu kama ni DDR3 au DDR4, na umbo la soketi ya umeme. Mwambie muuzaji aifungue kesi mbele yako. Akikataa, songa duka linalofuata, Luthuli haina uhaba wa maduka. Akikubali, tafuta mwaka wa hiyo prosesa kwenye simu yako hapo hapo, halafu ndiyo uanze kuulizia bei.