Kamba Isiyovutika

Ukifika Tabora, msomaji, utapelekwa Kwihara uone Tembe la Livingstone. Utasimuliwa Stanley alivyokaa naye pale mwaka 1872, kisha huyo, stesheni! Kamba je? Nani atakuonesha kamba?

Usicheke. Burton na Speke walitumia zaidi ya miezi minne kutoka pwani hadi Kazeh, ndiyo Tabora hii, wakafika Novemba 1857. Mizigo yao ilikuwa begani kwa wapagazi. Kamba ikilegea njiani, mzigo unayumba, bega linachubuka, na safari bado ndefu. Unyamwezini kamba ilikuwa gome la miyombo, na mfungaji alijua gome lipi linakaza na lipi linadanganya.

Februari 1858 wakafika Ujiji. Mitumbwi ipo, jahazi hakuna. Speke akavuka ziwa hadi Kasenge kumwomba Sheikh Hamed bin Sulayyim jahazi lake. Akarudi mikono mitupu. Wakaenda Uvira kwa mitumbwi.

Sasa, jahazi ni tanga, na tanga ni henza, ile kamba inayopandisha foromali mlingotini. Watu wa pwani walisokota kamba za makumbi ya nazi. Haziogopi maji ya chumvi, tena zinaelea. Lakini zinavutika. Kwenye nanga hilo ni jema: wimbi likivuta, kamba inakubali, chombo hakishtuki. Kwenye henza ni balaa: upepo ukizidi, foromali inashuka, tanga linafanya tumbo, chombo kinasukumwa upande badala ya kwenda mbele.

Mkonge ulioletwa na Hindorf mwaka 1893 hauvutiki sana, ila unaoza upesi ukikaa na maji. Leo dukani kamba zote za plastiki tunaziita manila, basi. Kumbe nailoni inavutika mno, ifunge nanga. Poliesta inavutika kidogo, ndiyo ya henza. Huna hakika? Pima urefu wake, ning'iniza jiwe zito, pima tena. Muuzaji atakwambia haikatiki. Wewe muulize inavutika kiasi gani.

Mwandishi mwenzangu, njia ile iliandikwa na waliobebewa. Burton alichapisha kitabu chake mwaka 1860. Waliomfungia mizigo hawakuchapisha kitu. Kama unaye babu Unyanyembe anayejua kubandua gome na kusokota, mwende wikiendi hii, na daftari. Akiondoka yeye, tutabaki na tembe tu.