Kasaji na Reli ya Magharibi

Ikitajwa Lualaba, jimbo la kusini mwa Kongo ya Kinshasa, wengi huikumbuka Kolwezi na mashimo yake ya shaba. Lakini ukiipita Kolwezi kuelekea magharibi, ukanda wa shaba unakoma. Ardhi inakuwa ya mchanga, yenye misitu ya miombo na mabonde yanayotota wakati wa mvua. Zaidi ya kilomita 200 mbele, katika wilaya ya Dilolo, iko Kasaji.

Mito ya huku huteremka kaskazini: Lulua inaingia Kasai, Kasai inaingia Kongo, na maji yanaishia Atlantiki. Kusini, ng'ambo ya mgongo wa nchi, Zambezi inaanza safari yake ya kwenda Bahari ya Hindi. Walunda, Wachokwe na Waluena waliishi kwenye mgongo huu kabla haujachorwa mpaka wowote. Heshima ya Mwant Yav, mfalme wa Walunda aliyeketi Musumba, ilivuka hadi nchi ambazo leo ni Angola na Zambia, na misafara ya pembe, nta na mpira ilishuka hadi Benguela, pwani ya Angola.

Njia hiyo ya kale ndiyo iliyofuatwa na reli. Mskoti Robert Williams alipata kibali cha kuijenga kutoka kwa Wareno, watawala wa Angola, mwaka 1902. Kazi ikaanza katika bandari ya Lobito mwaka 1903, reli ikafika mpakani mwaka 1929. Mwaka 1931 ikaunganishwa na kipande cha Wabelgiji, Tenke hadi Dilolo, kinachopita Kasaji. Treni za moshi zilikula kuni kwa wingi, hata kampuni ikapanda mikaratusi kandokando ya njia upande wa Angola ili zisikwame.

Neema ya wilaya hii ilikuwa manganizi ya Kisenge, jiwe jeusi, zito, linalotiwa katika chuma cha pua kukiongezea nguvu. Liliuzwa nje kupitia Lobito. Vita vya Angola vilipoifunga reli mwaka 1975, Kisenge ikanyamaza, malundo ya mawe yakabaki pale pale.

Mapigo hayakuishia hapo. Tarehe 8 Machi 1977 wapiganaji wa FLNC, kundi la waasi wa Kongo, wengi wao wakiwa askari wa zamani wa Moïse Tshombe, aliyeongoza Katanga ilipojitenga, na vijana waliowafuata uhamishoni, walivuka kutoka Angola, wakaiteka Kasaji pamoja na Dilolo, Kisenge na Mutshatsha. Rais Mobutu wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, aliokolewa na askari 1,500 wa Moroko walioletwa kwa ndege za Ufaransa. Jeshi la Zaire liliporudi, maelfu ya raia walikimbilia Angola wakihofia kisasi. Vitabu hueleza zaidi Kolwezi ya 1978, kwa kuwa Wazungu waliuawa huko; mateso ya vijiji hivi vya magharibi hayajapewa haki yake.

Angola ilimaliza kuijenga upya reli yake mwaka 2014, kwa msaada wa Wachina, na mwishoni mwa 2023 shaba ya mgodi wa Kamoa, karibu na Kolwezi, ikaanza kusafirishwa kwenda Lobito kwa majaribio. Marekani na Ulaya zimeahidi fedha za kuifufua njia hii. Kilichochakaa ni kipande cha Kongo, Tenke hadi Dilolo, ambacho wakazi wa Kasaji wanakitegemea.